Kibarua: Mtu Aliyeitwa kwa Jina la Karatasi

Katika maneno yote ambayo kwayo lugha yetu humtaja mtu afanyaye kazi kwa ujira, yaani mtumishi, mwajiriwa, mchukuzi, hamali, mpagazi na mengineyo, hakuna lenye umbo dogo na habari nzito kama neno kibarua, kwani asili yake si mtu wala si kazi, bali ni karatasi. Barua ndogo ni kibarua. Na katika miji ya pwani, hasa Unguja na Mombasa, ilikuwa desturi katika karne ya 19 kwamba mtu aliyechukuliwa kazi ya kutwa hupewa kijikaratasi asubuhi, akakaa nacho mpaka jioni, kisha akakirudisha ndipo apokee chake. Aliyekishika akaitwa kwa jina la alichokishika. Kamusi ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, imezitia maana hizo mbili pamoja, cheti na mtu.

Sarufi yenyewe imeihifadhi habari hiyo. Tukisema kibarua amechoka, twamsema binadamu, na upatanisho wa viumbe wenye roho humfuata. Tukisema kibarua kimeota nyasi, twaisema kazi iliyompotea mtu, na neno hurejea katika ngeli ya vitu, mahali lilipozaliwa. Sijui neno jingine la kazi katika Kiswahili ambalo husimama hivyo, mguu mmoja katika utu na mguu mmoja katika karatasi.

Naanza na neno hili kwa sababu sheria za ajira za zama zetu, karibu katika kila nchi, zimejengwa juu ya mpaka upitao baina ya watu wawili ambao jicho haliwezi kuwatenganisha: mfanyakazi kwa maana ya jumla, ambaye hutoa nguvu zake akalipwa, na mwajiriwa kwa maana ya sheria, ambaye pamoja na ujira anazo haki zinazomfuata akiugua, akijifungua, akizeeka, au akiondolewa kazini pasipo sababu ya haki. Wote wawili huenda wakabeba gunia moja katika gati moja, na jua likawachoma sawasawa, walakini mmoja ana la kudai mbele ya mahakama na mwenziwe hana. Wengi hudhani mpaka huo ni ufundi wa mawakili ulioletwa juzi kutoka Ulaya. Mimi naona ni swali la kale sana nalo limo ndani ya kile kijikaratasi: siku ile isiyokuwa na kazi, kwa kuwa meli haikutia nanga, au mvua imenyesha, au mtu amepatwa na homa, hasara ya siku hiyo tupu ni ya nani?

Wanazuoni wa fikihi, ambao vitabu vyao vilisomwa katika misikiti ya Lamu, Mombasa na Unguja miaka mingi kabla ya gavana wa kwanza wa Kizungu, walilijibu swali hilo kwa maneno machache. Katika mlango wa ijara, yaani wa kukodi na kuajiri, huwagawa wenye kuajiriwa mafungu mawili. Yupo ajiri khasi, aliyeutoa muda wake kwa mtu mmoja, na yupo ajiri mushtaraki, ambaye humfanyia kazi kila amjiaye, mfano wa fundi wa nguo, dobi na mhunzi. Huyu wa pili hustahiki ujira kwa kazi iliyotimia. Kanzu isiposhonwa hana cha kudai. Wa kwanza hustahiki ujira kwa kujisalimisha, maana yake amekuja, yupo, yu tayari, hata ikiwa bwana wa kazi hakuwa na kazi ya kumpa siku ile. Waturuki walipoikusanya Majalla, kitabu chao cha sheria, katika miaka ya 1870, kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, waliliandika jambo hilo kuwa kifungu waziwazi. Pwani yetu ilikuwa ya Shafi, na watawala wake Maibadhi, wala Majalla haikuwa sheria huku. Lakini fikira yenyewe haikuwa ngeni, na mtu aliyesoma mlango wa ijara angeitambua sheria ya ajira ya leo kama mtu amtambuavyo ndugu aliyevaa nguo za kigeni.

Basi kibarua wa Unguja alikuwa katika fungu lipi? Hapa ndipo habari inapouma, kwa kuwa wengi katika waliokishika kile kijikaratasi hawakuwa na muda wao wa kuutoa. Walikuwa watumwa wa mjini. Bwana wao, asiye na shamba la karafuu la kumtosha au asiyependa kuwalisha bure, aliwaachilia asubuhi waende wakajitafutie kazi katika maghala ya wafanya biashara wa Kihindi, wa Kizungu na wa Kiamerika: kusafisha sandarusi, kupanga ngozi, kubeba pembe, kupasua matumbawe ya kujengea. Jioni mtumwa alirudisha cheti, akapokea ujira, na aghalabu nusu yake akampelekea bwana. Siku asipopata kazi, yule mfanya biashara hakuwa na deni kwake, kwa maana alimwajiri kwa kutwa. Wala bwana wake hakumpa ujira, kwa maana mtumwa halipwi. Siku tupu ikabaki juu ya kichwa chake peke yake. Kwa hiyo yaliyo mabaya ya pande mbili yakakutana katika mtu mmoja: alimilikiwa kama mtumwa, na akaajiriwa kama mtu asiye wa mtu.

Hata hivyo, na hili halina budi kusemwa, wako watumwa waliokipenda kijikaratasi kile kuliko jembe la shamba. Maana mwenye kibarua alitembea mjini, alishika fedha yake mkononi, na ile nusu iliyosalia ilikuwa yake kweli. Fikira hiyo, kwamba kazi ya kutwa ina uhuru ambao kazi ya kudumu haina, haikufa pamoja na utumwa. Tutaikuta tena Kilindini, bandari ya Mombasa, baada ya miaka 50.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamud bin Muhammed, chini ya shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria. Amri ile yafaa isomwe na kila mtu anayejifunza sheria za kazi, kwa ajili ya sharti lake moja: mtumwa aliyethibitishiwa uhuru wake alipaswa kuonyesha kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya riziki, la sivyo atahesabiwa mzururaji. Uhuru ulitolewa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukauliza: wewe ni wa nani sasa, na unakaa wapi? Katika pwani ya Kenya utumwa ulidumu katika sheria mpaka mwaka 1907, na katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kila mahali waliotoka katika mashamba waliingia mijini, na kila mahali serikali ikamtazama yule asiye na bwana wa kudumu kwa jicho la shaka, kana kwamba mtu asiyeajiriwa kwa mwezi amekwisha kosa jambo.

Sheria iliyokuja kumpa bwana wa kudumu ilikuwa ile ya Mabwana na Watumishi, iliyotungwa Kenya mwaka 1906, na ambayo mfano wake ulitiwa pia katika Tanganyika mwaka 1923. Huku kwetu, kukataa amri ya bwana, kulewa kazini, au kuondoka kabla mkataba haujaisha, hayakuwa madai ya kuamuliwa kwa fidia tu kama mikataba mingine. Yalikuwa makosa ya jinai, na adhabu yake faini au kifungo. Huko Uingereza Bunge lilikuwa limekwisha kuufuta mtindo wa kumfunga mfanyakazi kwa kuvunja mkataba tangu mwaka 1875. Walichokiona kuwa dhuluma kwa mchimba makaa wao, wakakileta baada ya miaka 31 kuwa sheria kwa mtumishi wetu.

Na hapa naomba msomaji atue kidogo, kwa sababu tumezoea kusema kwamba mwajiriwa ndiye mwenye haki na kibarua ndiye aliyenyimwa, nasi twasahau kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 haki na pingu zilitiwa katika mkataba mmoja. Mwenye mkataba wa mwezi au wa miezi alikuwa na posho, na mahali pa kulala, na dawa. Lakini akiondoka alitafutwa na askari. Kibarua hakuwa na posho wala kitanda, lakini hakuna askari aliyeweza kumkamata kwa kutokuja kesho, kwa maana kesho haikuuzwa. Aliuza kutwa moja, akaimaliza, hadaiwi.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika palizuka mtu wa tatu, asiye kibarua kamili wala mtumishi kamili. Wajerumani walikuwa wameonyesha njia: huko Usambara, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, mwaka 1907 walianza kuwagawia watu wazima wa kiume kadi iliyowalazimu wafanye siku 30 za kazi kwa Mzungu katika kila miezi 4. Zama za Waingereza kadi ikaitwa kipande. Si kile kipande cha Kenya, kilichokuwa hati ya utambulisho yenye alama za vidole, mtu akakivaa shingoni katika kasha la chuma. Hiki cha mkonge kilikuwa kadi ya kuhesabia siku.

Itazameni kadi hiyo kwa karibu. Ina vijumba 30. Jioni karani hukaa mezani, na watu hupita mmoja mmoja baada ya mnyapara kukagua kazi zao; aliyemaliza kiasi chake cha kukata mkonge, matita yamefungwa na kuhesabiwa, hutiwa alama katika kijumba kimoja. Aliyekata robo tatu hatiwi robo tatu: kijumba hubaki cheupe, na jasho la siku ile haliandikwi popote. Mshahara hulipwa vijumba vyote 30 vikisha kujaa, ikiwa ni baada ya mwezi au baada ya mwezi na nusu. Hivyo mtu wa kipande alifungwa kama mwenye mkataba, maana fedha yake ilikuwa mikononi mwa bwana mpaka kadi ijae, na alipunjwa kama kibarua, maana siku ya homa na siku ya mvua hazikuwa na kijumba. Wenzake walioletwa kutoka mbali kwa mikataba mirefu walipewa namba, na namba ikawa jina lao, manamba. Mmoja akaitwa karatasi, na mwingine akaitwa tarakimu.

Mombasa mambo yalikuwa kinyume. Kilindini palikuwa na kazi nyingi leo na kazi chache kesho, kwa kuwa meli hazina mwezi. Na makampuni ya kupakua shehena yaliona faida kubwa katika kuwa na watu wengi mlangoni na wachache katika daftari. Alfajiri watu walijaa langoni, maserahangi, yaani wasimamizi wa makundi, wakachagua watu wao, na waliochaguliwa wakaingia. Walakini wachukuzi wenyewe, wengi wao, hawakuulilia mkataba wa mwezi. Alikuwako mtu wa Mombasa mwenye kiunga chake cha minazi na shamba dogo la mihogo, aliyeingia bandarini siku kadhaa katika mwezi, akapata fedha ya kodi na ya kitoweo, kisha akarudi kwake. Alikuwako aliyetoka bara, ambaye siku moja ya bandarini ilimpa zaidi ya siku kadhaa za shamba la mlowezi. Walijua maana ya kuwa mtumishi wa mwezi. Serikali iliwaita wavivu na watu wasiotulia; mimi nawaona ni watu waliokisoma kitabu cha sheria vizuri kuliko waliokiandika.

Kilichoigutusha serikali hakikuwa umaskini wao, bali umoja wao. Watu waajiriwao kwa kutwa hawana cha kupoteza kwa kugoma, kwani kila asubuhi wamekwisha kuachishwa kazi; na wakati wa mgomo mji mzima ni langoni. Mwaka 1939 Mombasa ikagoma, na mwaka huohuo vibarua wa bandari ya Dar es Salaam nao wakagoma. Mwezi wa Januari 1947 Mombasa yote ilisimama, watu wapatao 15,000, wa bandarini, wa relini, wa mahotelini na wa majumbani, kwa muda wa siku zipatazo 12, na kutoka humo likakua Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ambalo kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti akapelekwa kuzuiwa Baringo. Mwezi wa Septemba mwaka huo Dar es Salaam ikafuata, mgomo ukatoka gatini ukapanda reli kwenda bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja.

Hapo ndipo maafisa wa kazi walipoibadili fikira yao ya miaka 40. Walikuwa wakisema kibarua ni rahisi. Sasa wakasema kibarua ni hatari. Kamati ya kuchunguza migogoro ya kazi Mombasa, iliyoongozwa na Arthur Phillips, ambayo taarifa yake ni ya mwaka 1945, ilikuwa imeliona tatizo hilo kabla ya mgomo mkuu. Basi vibarua wa Kilindini waliandikishwa. Katika miaka ya 1950 daftari lile likakazwa, mtu akalazimika kufika idadi ya siku iliyowekwa, asiyefika jina lake likafutwa, na wengi wakatiwa katika ajira ya mwezi. Malipo yalipanda, hilo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba yule mwenye minazi michache na siku chache za bandari hakuwa na mahali tena katika mpango huo. Mpaka wa sheria ulisogezwa ili wengi waingie ndani, na waliobaki nje wakabaki nje kabisa.

Serikali za uhuru ziliurithi mpaka huo, zikauongezea haki upande wa ndani: kiinua mgongo katika Tanganyika mwaka 1962, kisha sheria ya usalama wa kazi mwaka 1964. Kadiri haki zilivyoongezeka ndani, ndivyo faida ya kumweka mtu nje ilivyozidi, na mabwana wa kazi hawakukawia kuliona hilo. Mtu akaajiriwa kutwa leo, na kutwa kesho, na kutwa keshokutwa, mpaka watoto wake wakamaliza shule, ilhali katika daftari hakuna siku aliyoajiriwa zaidi ya saa 24. Waingereza, ambao walitupa mpaka huu, nao wameshindwa kuishi nao. Sheria yao ya mwaka 1996 imeweka kati ya mwajiriwa na mtu ajitegemeaye fungu la tatu, la mfanyakazi ambaye ana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, lakini hana haki ya kulalamikia kuachishwa kazi isivyo halali. Mwezi wa Februari 2021 Mahakama yao ya Juu iliwatia madereva wa Uber katika fungu hilo, baada ya kampuni kudai kwamba kila dereva ni mfanya biashara mwenye mambo yake. Hoja ile ya kampuni wachukuzi wa Kilindini wangeielewa, na jibu la majaji pia.

Tanzania ilichukua njia nyingine, na naiona kuwa ni njema. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, haikumwuliza mtu jina la karatasi aliyopewa, bali imetaja mambo saba, na likithibiti mojawapo tu, mtu huyo hudhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka yule anayekana atoe ushahidi. Miongoni mwake ni haya: kwamba namna ya kufanya kazi au saa zake huongozwa na mwingine; kwamba amefanya kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita; kwamba riziki yake yamtegemea huyo anayemfanyia kazi; kwamba vyombo vya kazi amepewa na huyo. Mtu anayekata mkonge kwa panga la shamba, kwa saa za shamba, chini ya mnyapara wa shamba, angekuwa amekwisha kuvuka kizingiti mara kadhaa.

Kenya imelishika neno lenyewe kwa mkono. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 bado inamtaja kibarua kama alivyokuwa siku zote, mtu alipwaye mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kisha katika kifungu cha 37 ikasema kwamba siku zake mfululizo zikifikia mwezi mmoja, au kazi yake ikiwa ni ya namna ambayo haitazamiwi kwisha kabla ya miezi 3, basi hesabu ya kutwa imekoma, na mtu huyo ni wa mwezi, astahili notisi kama wa mwezi. Zaidi ya hayo mwajiri ndiye aliyeamrishwa kuweka kumbukumbu za watu wake. Cheti ambacho mtumwa wa Unguja alikirudisha jioni, akabaki bila ushahidi wowote kwamba alifanya kazi siku ile, leo aliyekipokea ndiye anayetakiwa akitoe.

Wala siku tupu haikusahauliwa. Baada ya siku 6 za kazi mfululizo kibarua hustahiki siku moja ya kupumzika yenye malipo, na siku hiyo, pamoja na sikukuu yoyote itakayoangukia katikati, iwe Idi au Krismasi, huhesabiwa kuwa miongoni mwa siku za kazi zinazoujenga mwezi wake.